Wali wa Bandarini

4 Machi

Mwanangu Kijiko,

Marahaba mapema. Najua barua yako ingeanza na shikamoo, nami safari hii nimeamua kukuwahi. Huku kwetu tunapumua. Paa la nyuma lilivuja, nikapanda mwenyewe nikaliziba, nikashuka, nikaona la mbele nalo linanitazama vibaya, nikapanda tena. Masikio yangu ni yale yale. Kelele za injini za meli zilishayala yote mawili, kwa hiyo mwenye habari na aje na karatasi. Simu yangu humpa jirani, Fundi Cherehani, anisikilizie, lakini yule akinipa habari anaishonea na pindo lake mwenyewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Mama yako Mkubwa hajambo. Amesafiri kidogo, kaenda kwa dada yake kupunga upepo.

Sasa jambo lenyewe, nalo ni dogo. Wewe ni mkuu wa jiko katika hosteli yenye wanafunzi wa kutoka kila upande wa dunia, na hakuna wali usioujua. Nataka unielekeze ule wa Kitaliano, wa kukorogwa. Niliula bandarini zamani, nadhani nimewahi kukusimulia. Wali mweupe wa kawaida nimejaribu. Juu ulikuwa mbichi, katikati mashendea, chini umeshika sufuria kama rangi ya meli. Nikaona kama nitaumia, heri niumie kwa kitu cha maana.

Usimwambie mtu nimekuuliza. Mtu aliyefungua na kufunga injini zenye ukubwa wa nyumba hawezi kusemwa kwamba alishindwa na sufuria.

Ni mimi Baba yako Mkubwa

19 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa, ipokee tu hata kama umeshaitikia.

Umenisimulia wali huo, ndiyo. Tangu sijaota meno ya mbele.

Huku tuko salama. Mdogo wangu amepata kazi ya kuendesha gari la maziwa, na mkewe anasema sasa nyumba nzima inaamka na gari. Hostelini tumeletewa meneja mpya mwenye mawazo mengi. Ametangaza kwamba kila Alhamisi tupike wali wa kwao mwanafunzi mmoja, jinsi mama yake anavyoupika, na mwanafunzi mwenyewe asimame jikoni atuelekeze. Wiki iliyopita vijana wawili wa nchi moja walitaka kupigana kwa sababu ya kitunguu. Mimi nalala kwenye kochi siku hizi, mgongo unalalamika, lakini ni kwa muda. Nina mgeni.

Haya, sikiliza. Tafuta mchele mfupi, mnene. Huo hauoshwi, maana unga wake ndio utakaoleta uzito. Kaanga kitunguu kwa siagi mpaka kilainike bila kubadilika rangi, mimina mchele ukiwa mkavu, ugeuze mpaka ung'ae. Pembeni uwe na supu ya mifupa inayochemka. Unatia upawa mmoja, unakoroga mpaka inywewe, unatia mwingine, unakoroga. Hutoki, huketi, huendi kuangalia nani kapita barabarani. Ukiiva, tia siagi kidogo na jibini ya kukwaruza. Ukiupakua utambae taratibu kwenye sahani, usisimame kama kichuguu.

Umesema Mama Mkubwa yuko kwa dada yake. Msalimie akirudi.

Wako Kijiko

11 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Barua yako imenikuta mzima, ila na mkono wa kulia uliovimba. Hongera kwa mdogo wako. Mwambie breki za magari ya maziwa huchakaa mapema kwa kusimama kila mlango, azitazame.

Wali wa kukorogwa nimeupika. Tangu nistaafu ndiyo kazi ya kwanza niliyopata ambayo mtu haruhusiwi kukaa, na nimeipenda. Jibini sikuwa na cha kukwaruzia, nikatumia tupa mpya ya chuma, niliiosha usiogope. Nikamwita Fundi Cherehani. Alikula mpaka mwisho, akapangusa midomo, akaandika kwenye kikaratasi: "Uji mzuri sana. Mgonjwa ni nani?"

Sikusubiri barua nyingine. Nilikata mfuniko wa pipa, nikaugonga ukawa kikaango kipana kama meza, nikapika wali wa Kihispania, ule wa manjano wenye kamba na chaza. Nao niliukoroga, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea. Ukatoka kama zege. Niambie kosa liko wapi. Halafu nipe ule mwekundu wa Afrika Magharibi, nataka kuujaribu kabla moto wangu haujapoa.

Sina kingine. Nimelifungua jiko la gesi lote nikalisafisha. Kitanda nilikigeuza kikatazama mlango, nikaona hapana, nikakirudisha. Saa ya chakula cha mchana ikifika nazunguka meza kama mtu aliyeipoteza. Majirani wanauliza Mama yako Mkubwa anarudi lini, nawaambia karibu. Kwa dada yake nadhani alishaondoka. Kama umepata habari zake popote, si kwamba nauliza, ila nguo zake za baridi ziko hapa na hali ya hewa inageuka.

Baba yako Mkubwa

30 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Pole kwa mkono, na pole zaidi kwa Fundi Cherehani. Huku kwema. Mafua yamepita hostelini, yakamlaza kila mtu isipokuwa meneja, ambaye tulitamani yamlaze japo siku moja.

Wali wa Kihispania haukorogwi. Ukishautandaza na kumimina supu, weka mwiko chini na ufunge mikono nyuma. Najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu.

Ule mwekundu tuliupika Alhamisi iliyopita. Saga nyanya, pilipili hoho na kitunguu, ukaange kwa mafuta na nyanya nzito ya kopo mpaka ukali uishe na mafuta yapande juu. Hapo usiwe na haraka. Mchele wa huo uwe mrefu, uuoshe mpaka maji yaache kununa. Utie kwenye mchuzi na supu kidogo tu, funika na karatasi ya kuokea chini ya mfuniko, moto mdogo kabisa. Uache ushike kidogo chini. Ule moshi wa kuungua ndio wenyewe wanaoutafuta.

Nimepata msaidizi mpya jikoni, mtu mzima, mkono mwepesi. Wanafunzi wanamfuata kama vifaranga. Kazi imepungua nusu, ingawa amepanga upya rafu zangu zote na sasa hakuna anayejua chumvi iko wapi ila yeye.

Kuhusu nguo za baridi, usijali. Atakuwa hajambo.

Kijiko

9 Mei

Kijiko,

Salamu zitafuata moyo ukitulia.

"Mpaka maji yaache kununa." Nina miaka sitini na nane. Nimefanya kazi na watu wa lugha nisizoweza hata kuzihesabu. Mtu anayesema maji ya mchele yananuna ni mmoja tu duniani, na mimi nimemuoa.

Huyo msaidizi wako, akikasirika, hupangusa meza ambayo tayari ni safi? Nijibu ndiyo au hapana. Sitaki maelezo ya kitunguu.

Wali mwekundu sijaupika.

Baba yako Mkubwa

20 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Naomba radhi kwa kimya. Wote hapa ni wazima, wala hakuna mgonjwa, nalitanguliza hilo usije ukapanda basi.

Ndiyo. Ni yeye.

Alikuja mwezi wa pili, mvua inanyesha, na begi moja. Hata hakuketi, akaniambia, "Ukimwambia niko hapa, na hapa nahama." Ningefanyaje? Wewe ulinisomesha baba alipofariki. Yeye alinilea, alinifuta makamasi, alinifundisha kushika mwiko. Nikikwambia namsaliti yeye, nisipokwambia nakudanganya wewe. Nikachagua kukudanganya kwa sababu ulikuwa mbali na macho yako siyaoni. Sikulifurahia.

Kisa chenyewe ni ile Jumapili walipokuja wakwe wa mdogo wangu. Mama Mkubwa aliamka kabla ya watu wote, akapika mpaka wageni wanafika. Sahani zikawekwa mezani, moshi unatoka. Nawe ukaanza. "Sasa wali, jamani, wali ni ule nilioula bandarini." Wageni wakaweka vijiko chini kwa heshima. Ukawapeleka bandari hii, ukawatoa, ukawapeleka ile. Ulipomaliza wali ulikuwa umepoa, na wako hukuugusa. Nilikuwepo, Baba Mkubwa. Nilimwona akikusanya sahani zimejaa. Nilidhani amechoka tu.

Anasema hakuondoka kwa hasira. Kasema, "Niliondoka kwa sababu asubuhi yake niliinuka nikapime mchele, nikaona mikono haitaki."

Hapa kwangu alipumzika kidogo tu. Nyote wawili hamjui kukaa. Wewe ukihamisha kitanda huko, yeye alikuwa anahamisha kabati huku. Mwishowe nikamchukua twende kazini nipate nafuu, na tangu siku hiyo jiko ni lake. Meneja amemwajiri rasmi. Kuna mwanafunzi mmoja, binti wa Kiajemi, wote tunamwita Mwajemi, ndiye aliyemteka kabisa. Alimwonyesha wali wa kwao. Unachemshwa nusu, unachujwa, unarudishwa kwenye sufuria yenye mafuta, mfuniko unafungwa kitambaa ili mvuke usidondoke. Halafu sufuria inapinduliwa kwenye sinia, na ukoko unakaa juu, wa dhahabu, mzima kama mkate. Kwao ukoko ndio heshima, mgeni hupewa wa kwanza. Mama Mkubwa aliuangalia, akakaa kwenye stuli, akacheka mpaka machozi. "Miaka yote nakwangua sufuria nakula ukoko nimesimama jikoni," alisema, "kumbe kilicho bora nilikuwa nakila mimi!"

Sijui kama atarudi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila ana swali, na amenisimamia nikiliandika. Anasema amepika sasa wali wa Kijapani wa kufinyanga, wa Kichina, wa Kihindi, wa Kituruki wa kufungwa kwenye majani ya mizabibu, na bado hajakutana na ule wako. Anauliza ulikuwa na ladha gani.

Kijiko

3 Julai

Mwanangu Kijiko,

Salamu zako nimezipata, na zile za Mei nilizozishika nakutumia sasa kwa pamoja. Sikulaumu. Ulikuwa mahali pabaya pa kusimama.

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha, nimelibadilisha. Nimebadilisha na la bafuni, ingawa lenyewe lilikuwa zima. Fundi Cherehani ananiambia nikae chini. Namwambia nikikaa chini nasikia nyumba, na mimi kiziwi.

Kuhusu lile swali. Ladha ya kitu kama kile haielezeki kwa kalamu. Kulikuwa na chumvi. Bahari ilikuwa karibu. Ni zamani sana.

Wali mwekundu nimeupika. Ulishika chini zaidi ya kidogo. Niliukwangua nikaula jikoni nimesimama, na nilipomaliza ndipo nikaona kwamba sikuwa nimeketi.

Je, anakula vizuri? Analala? Mlango wa nyumba yako una komeo la ndani? Kama halipo, nichoree mlango na vipimo nitakutengenezea. Nguo za baridi nimezituma kwa basi kwenye sanduku la bati. Sweta la kijivu lilikosa kifungo, nimekishona. Si kizuri. Usimwambie ni mimi. Au mwambie. Utaona mwenyewe.

Baba yako Mkubwa

28 Julai

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sanduku limefika. Komeo ninalo, asante, usitengeneze. Huku baridi imeingia kweli, wanafunzi wa nchi za joto wanakula wamevaa kofia. Sweta Mama Mkubwa alilivaa siku hiyo hiyo. Alikishika kifungo, akasema, "Uzi wa kushonea turubai," na hakukibadilisha.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kaniamuru. Nilipofika pale kwenye ladha akanisimamisha.

"Soma tena."

"Kulikuwa na chumvi. Bahari ilikuwa karibu."

"Chumvi," akasema. "Hiyo haikosi. Hadithi zake zote kazitia chumvi." Akaendelea kuchagua mchele, akitoa vijiwe. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Hakushuka huyo."

Nikamuuliza hakushuka wapi.

"Popote. Meli ikifika bandarini mabaharia wa juu wanashuka kutembea. Fundi wa injini ndiyo kwanza kazi yake inaanza, maana injini haifunguliwi ikiwa safarini. Huyu alikuwa chini kule na spana mpaka meli inang'oa nanga. Wali alisimuliwa na wenzake. Nani alikuwa anafua nguo zake? Mimi. Zote mafuta ya mashine. Nani alikuwa anafungua begi lake? Vile viatu vyake vya kutembelea, nilivyokuwa nampigia rangi, vilikuwa vinarudi kama vilivyotoka. Soli haijagusa hata jiwe."

Nilishtuka, Baba Mkubwa, maana mimi nilikulia kwenye bandari zako. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu safari ya kwanza."

"Mbona hukumwambia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mtu anatoka kwenye joto na giza na makelele miezi tisa, anafika nyumbani na hadithi mkononi. Nimnyang'anye?" Akapepeta ungo. "Kule alizihitaji. Lakini alipostaafu nilidhani sasa amefika. Nikapika, nikaweka mezani, nikangoja. Naye akawa anakaa mbele yangu na bado yuko safarini."

Nimeandika neno kwa neno, maana nimechoka kuwa mlango unaofunguka upande mmoja.

Habari iliyobaki ni hii. Mwajemi anamaliza masomo na anarudi kwao mwezi wa kumi. Mama yake ana mgahawa, naye amemwalika Mama Mkubwa akae msimu mzima, afundishwe wali wa kwao na yeye awafundishe wetu. Amekubali kabla sijameza mate. Hana pasi ya kusafiria, hajawahi kuwa nayo. Hati yake ya kuzaliwa iko huko, kwenye kabati la chumba cha kushonea, kwa hiyo atakuja mwezi ujao kuichukua na kuomba pasi. Atatoka huko aende safari yake. Baada ya hapo sijui kama atarudi kwako, kwangu, au wapi. Nilimuuliza, akasema, "Usinihimize."

Nakuomba kitu kimoja. Akifika, usimpikie cha bandarini.

Kijiko

17 Oktoba

Mwanangu Kijiko,

Marahaba, marahaba, na shikamoo zote nilizokosa kuziitikia tangu Agosti. Najua umetuma barua tatu. Ziko hapa mezani, nimezisoma zote. Fundi Cherehani anakusalimu. Amenenepa kwa ajili yangu, mkewe ananinunia.

Naandika haraka kwa kuwa sina muda, na huko nyuma niliponyamaza ni kwa kuwa sikujua niandike nini. Kila nikianza barua naona si mambo ya kuandika, ni mambo ya kungoja.

Alifika Jumamosi moja ya Agosti, mchana. Sikumpokea stendi, niliogopa ningeanza kusema. Nilipika wali mweupe. Mweupe tu, Kijiko, na maharagwe. Aliingia, akaweka begi karibu na mlango, akaenda moja kwa moja jikoni akafunua sufuria. Halafu akasogea kwenye sikio langu la kushoto, lile linalosikia kidogo.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Maji yalikuwa mengi."

"Yalikuwa mengi," nikasema.

Tukaketi. Nikampakulia. Na hapo, mwanangu, nilihisi mdomo unajifungua wenyewe, kama mashine iliyozoea kuwashwa saa hiyo. Hadithi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi: sasa wali, wali ni ule. Nikajaza kijiko nikauziba mdomo. Tukala wali ungali moto. Sikusema neno mpaka sahani zikaisha, na sijawahi kuona meza ile ilivyo pana. Alipomaliza alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza. Ilikuwa safi. Nilikuwa nimeipangusa asubuhi mara mbili.

Nikamuuliza, "Kwa nini uliondoka bila kuniaga?"

Akaacha kupangusa. "Nilikuaga. Nilisimama pale mlangoni na begi nikasema naondoka. Ulikuwa umekaa na yule fundi wako, unasimulia."

Kijiko, sikumbuki. Nimejaribu kila siku tangu siku hiyo, sikumbuki. Ningejificha nyuma ya masikio, lakini sikuwa hata nimegeuza kichwa.

Alilala chumba cha kushonea. Alisema atakaa mpaka pasi itoke, wala nisiweke maana nyingine. Sikuweka. Ofisi ya pasi ilimzungusha kama kawaida yao: njoo kesho, leta picha nyingine, hii masikio hayaonekani. Nikawa namsindikiza. Kwenye ile foleni watu wamekaa kwenye benchi, mimi natembea kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mlinzi akaniuliza kama nina shida ya choo. Mama yako Mkubwa alicheka. Sikusikia kicheko, niliona mabega. Ni muda mrefu sikuwa nimeyaangalia mabega hayo.

Jioni tulipika. Alinionyesha ule wa Kiajemi. Mara ya kwanza niliupindua nje ya sinia, ukaishia sakafuni. Nilingoja aseme. Akaniletea ufagio. Mara ya pili ulitoka mzima nusu, akavunja kipande cha ukoko akaniwekea mimi, kisha akavunja chake. Tulikuwa tumekaa wote.

Sikumwomba radhi kwa maneno, wala yeye hakuniomba niseme. Lakini kuna jioni alitoa vile viatu chini ya kabati, akaviweka mezani juu ya gazeti, akaleta rangi, akaanza kuvisugua. Vyeusi, vya kamba, soli ngozi tupu. Nilivitazama. Alinitazama. Nilijua anajua, na alijua nimeambiwa. Akaendelea kusugua mpaka vikang'aa.

Wiki iliyofuata, kule ofisini, alipokwenda dirishani kuchukua pasi yake, alirudi na karatasi nyingine mkononi, fomu ya kuombea pasi, haijaandikwa kitu.

"Jaza," akaniambia sikioni.

"Mimi niende wapi?"

"Kula."

"Masikio yangu je? Nitamsikia nani?"

"Kwani unakulia masikio?"

Yule mlinzi aliyesimama karibu alicheka wazi. Nikasema nina umri, nikasema nyumba nitamwachia nani, nikasema, na hapa niliona aibu hata kabla sijamaliza, kwamba mimi nchi hizo nimeshafika zote. Yeye alikaa na karatasi ile magotini, anangoja, kama alivyongoja miaka yote. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye meza. Nikaenda nikaishika.

Pasi yangu nayo imetoka, lakini usidhani mambo yamekwisha. Nilipomuuliza jana kama basi amerudi, alisema, "Sijasema nimerudi. Nimesema twende." Bado analala chumba cha kushonea, na huko tunakokwenda Mwajemi ametuandikia kwamba kuna vyumba viwili. Sijui atatumia kimoja au vyote. Sijui tukimaliza msimu tutakuja kwako, au hapa, au nitakuja peke yangu. Usiku sikulala. Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga. Niko kama kijana anayeanza kazi, ilhali mimi nimesafiri umri mzima. Nilimwambia hivyo. Akasema hata yeye ni hivyo hivyo, ndiyo maana amekunywa chai bila sukari na hakugundua.

Ufunguo yuko nao Fundi Cherehani. Nimezima gesi, nimefunga maji. Kikaango cha pipa nimempa, anasema ataotesha mboga ndani yake. Mwambie mdogo wako asisahau zile breki.

Gari limefika, mwanangu. Yuko mlangoni na begi lake, ananipungia mkono niharakishe. Anasema barua nitaimalizia njiani. Usiingoje hiyo ya njiani. Nitakuwa dirishani naangalia nje.

Baba yako Mkubwa